Eberron: Rising from the Last War – mapitio ya kitabu kinachouliza nguvu za kuhani zinatoka wapi

Kila meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa sheria na dadu, yenye kuhani hufika siku ambayo swali hili halikwepeki tena: kuhani amenyoosha mkono, jeraha limefunga, je, nani amelifunga? Katika malimwengu mengi ya michezo hii jibu limekwisha kutolewa kabla hujauliza. Mungu yupo, ana jina na makao, anamjua kuhani wake, humpa nguvu akipendezwa na kumnyang'anya akichukizwa. Forgotten Realms, ulimwengu ambao vitabu vingi vya toleo la tano la mchezo vimeuegemea, umejengwa hivyo, na katika historia yake miungu imewahi kushushwa duniani ikatembea kati ya watu. Dark Sun, uliotoka mwaka 1991, ulikwenda upande wa pili kabisa: miungu hakuna, na makuhani wa Athas, dunia ya mchezo huo, huchota nguvu katika ardhi, hewa, moto na maji.

Eberron haukati shauri, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Kitabu kinachopitiwa hapa, Eberron: Rising from the Last War, kilitolewa na Wizards of the Coast Novemba 2019. Kina kurasa 320, na miongoni mwa waandishi wake wakuu ni Keith Baker, aliyeubuni ulimwengu huu, pamoja na Jeremy Crawford na James Wyatt. Ndani yake mna mengi: jiji la Sharn na minara yake, darasa la fundi wa vyombo vya uchawi liitwalo artificer, koo za kibiashara ambazo watu wake huzaliwa na alama za uchawi, na bara la Khorvaire likiuguza vidonda vya vita vya karne nzima vilivyokwisha miaka miwili tu kabla ya mchezo kuanza. Hayo yote yamekwisha kusifiwa na wengi. Mimi nashika uzi mmoja tu, wa nguvu za kimungu, kwa sababu ndio unaoamua kama kampeni (mfululizo wa vikao vya mchezo) ya Eberron itakuwa na ladha yake au itakuwa Forgotten Realms iliyoongezewa treni.

Msingi wenyewe ni mwepesi kuueleza. Miungu ya Eberron haitembei duniani, na hakuna mtu anayeweza kuithibitisha mbele ya asiyeamini. Hata hivyo makuhani wanaponya, wanatimua wafu hai, wanawarudisha waliokufa. Kinachofanya kazi ni imani. Aliyeshika itikadi kwa moyo wote anaweza kupata nguvu, awe anaielekea miungu tisa ya Sovereign Host, moto wa Silver Flame, au uungu anaouamini kuwa umo ndani ya damu yake mwenyewe. Makuhani wawili wa dini zinazopingana wanaweza kusimama katika uwanja mmoja wa vita, kila mmoja akiponya askari wake kwa dua ileile (dua hapa ni uchawi wa kuhani, spell), na asiwepo mwongo kati yao. Kuhani mla rushwa anaweza kubaki na nguvu zake zote. Na viongozi wengi wa ibada huko vijijini hawana uchawi wowote: wanazika, wanaozesha, wanasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, basi.

Kwa mwongoza mchezo, yaani anayesimulia ulimwengu na kuamua matokeo, maneno hayo machache yanaondoa fimbo aliyozoea kuishika. Katika malimwengu mengine kuhani akiua mfungwa aliyesalimu amri, mungu wake anamkatia nguvu na somo limekwisha. Hapa nani amkatie? Kitabu kinakulazimisha kuhamisha adhabu kutoka mbinguni kwenda kwa watu: askofu atakayemfungia milango, waumini watakaomtemea mate, baraza la kanisa litakalotuma watu kumtafuta usiku. Hilo ni jambo jema kwa mchezo, maana watu wanaweza kubishiwa, kuhongwa, kudanganywa na kuombwa msamaha, na kila moja kati ya hayo ni kikao kizima cha mchezo.

Sovereign Host ndiyo dini ya wengi Khorvaire, na kitabu kinaipitia upesi. Aureon wa sheria na elimu, Arawai wa mavuno, Balinor wa wanyama na mawindo, Boldrei wa jumuiya na makazi, Dol Arrah wa heshima na mwanga wa jua, Dol Dorn wa nguvu za vita, Kol Korran wa biashara, Olladra wa bahati, Onatar wa ufundi. Watu huwaabudu wote kwa pamoja na kumtaja mmoja kulingana na shughuli iliyopo mkononi. Upande wa pili wako Dark Six, sita waliofukuzwa, ambao watu huwaogopa na wakati mwingine kuwatolea sadaka ili wapite mbali. Kwa mchezaji, kosa la kawaida ni kumchagua Dol Dorn peke yake kana kwamba tisa hao ni makanisa tisa tofauti. Mwambie mapema: kuhani wa Dol Dorn bado anabariki mbegu kwa jina la Arawai na kuapa mahakamani kwa jina la Aureon. Asipofanya hivyo, wenyeji watamwona wa ajabu.

Silver Flame ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili. Hapo kale mapepo wakubwa waliitawala dunia, na nyoka wenye mabawa waitwao couatl walitoa uhai wao ili kuwafunga. Nguvu ya kafara hiyo ndiyo moto wenyewe. Karne kadhaa kabla ya wakati wa mchezo, pepo mmoja, Bel Shalor, alikaribia kuponyoka, na paladini (askari wa imani) Tira Miron akajitoa mhanga kumfunga tena. Tangu hapo yeye ndiye Sauti ya Moto, anayewaunganisha wanadamu na nguvu hiyo. Kanisa lake linaitawala nchi nzima ya Thrane kutoka Flamekeep, na kiongozi wake mkuu, Jaela Daran, ni msichana wa miaka 11.

Hapa chanzo cha nguvu si fumbo kabisa, maana moto upo na unaonekana. Lakini Bel Shalor amefungwa humohumo ndani yake, naye pia ananong'ona. Kuhani anayesikia sauti ikimwambia kijiji fulani kimeoza na kinapaswa kuchomwa hana kipimo cha hakika cha kujua ni nani amesema. Historia ya kanisa hilo ina vita vya kuwasaka watu wageukao wanyama, vita vilivyoanza kwa sababu ya kweli na kuishia kwa kuua wasio na hatia. Ukitaka kuitumia dini hii vizuri mezani, usimpe kuhani ujumbe ulio wazi hata mara moja. Mpe sentensi fupi, iliyo kweli kwa sehemu, halafu umwachie uamuzi. Waongoza mchezo wengi huiharibu Silver Flame kwa kuifanya kanisa la wanafiki tu. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Waumini wake wengi ni watu wema wanaosimama kati ya mapepo na wanyonge, na ubaya unapowaingia huwaingia kupitia wema huohuo.

Blood of Vol ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Mafundisho yake: maisha ni mafupi, baada ya kifo hakuna kitu, na kama miungu ipo basi ni katili. Lakini kila mtu aliye hai ana cheche ya uungu katika damu yake, na kazi ya mwumini ni kuifikia kabla hajafa. Dini hii ilishika mizizi Karrnath wakati njaa na maradhi vilipoipiga nchi hiyo vitani, na makuhani wake wakawainua askari waliokufa warudi kwenye mstari wa mbele. Wafu hai kwao wanaheshimiwa kama waliojinyima, maana damu iliyokufa haiwezi tena kuufikia uungu. Kwa mchezaji anayetaka kuhani asiye na mungu wa kumwomba, hakuna chaguo bora kuliko hili katika vitabu rasmi vya toleo la tano. Dua zake anazielekeza ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Tatizo linakuja kwenye sheria. Himaya (domain, tawi la nguvu ambalo kuhani hulichagua) zinazopendekezwa kwa dini hii ni ya Mauti na ya Uhai. Himaya ya Mauti haimo katika Player's Handbook ya 2014, kitabu cha wachezaji cha sheria za awali za toleo la tano. Imo katika Dungeon Master's Guide, kitabu cha mwongoza mchezo, nayo imewekwa pale kwa ajili ya wahusika waovu, kwa hiyo mchezaji anahitaji ruhusa. Ushauri wangu ni kuchukua Himaya ya Uhai. Inafaa itikadi, kwa kuwa hawa ni watu wanaoutukuza uhai kuliko dini nyingine yoyote hapo, na inafaa kwa hesabu. Kuhani wa ngazi ya 1 (kiwango cha mwanzo cha mhusika) mwenye Hekima 16 akitumia Cure Wounds ya 2014, dua ya kuponya majeraha, anaponya dadu moja ya pande 8, jumlisha 3 za Hekima, jumlisha 3 nyingine za himaya: wastani wa pointi 10.5, na kwa mhusika wa ngazi ya 1 hiyo mara nyingi ni afya yake yote.

Jambo la pili ni baya zaidi, na kitabu hakikuonyi. Kuanzia ngazi ya 2 kila kuhani ana Turn Undead, uwezo wa kuwatimua wafu hai, na katika sheria za 2014 nguvu hiyo haichagui: kila mfu hai aliye ndani ya futi 30 na anayeweza kumwona au kumsikia kuhani lazima ajaribu kujinusuru, yaani atupe dadu ili aepuke athari. Sasa fikiria kuhani wa Karrnath wa ngazi ya 5 anayetumia Animate Dead, dua ya kuwainua wafu, na kutembea na viunzi vinne vya mifupa. Anakutana na zimwi mfu, anainua alama yake takatifu, na askari wake mwenyewe wanaingia katika hesabu. Kwa Hekima 16 kiwango cha kujinusuru ni 14. Kiunzi cha mifupa kina upungufu wa 1, hivyo kinahitaji 15 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi ya asilimia 30. Na kuanzia ngazi ya 5 kiumbe mfu chenye daraja la ugumu la 1/2 au chini, kikishindwa, kinaangamia papo hapo. Kiunzi ni 1/4. Kwa wastani karibu watatu kati ya wanne wanageuka vumbi. Sheria mpya za 2024 zimerekebisha: kuhani anachagua wafu anaowalenga. Hata kama meza yenu inabaki na toleo la 2014, chukueni rekebisho hilo moja kwa Eberron. Bila hilo, jeshi la Karrnath haliwezi kuwa na makuhani wake lenyewe.

Dua nyingine inayohitaji uamuzi kabla ya kampeni kuanza ni Commune. Ni ya ngazi ya 5 (ngazi za dua huhesabiwa peke yake, si sawa na za mhusika), inachukua dakika 1, na inampa kuhani maswali hadi matatu ya ndiyo au hapana. Maandishi yake yanasema anayejibu ni mungu au mwakilishi wa kimungu, na kwamba viumbe vya kimungu si lazima wajue kila kitu, hivyo jibu linaweza kuwa kwamba jambo halieleweki. Mchezaji mwerevu atauliza moja kwa moja: je, Aureon yupo? Ukijibu ndiyo umeubomoa msingi wa ulimwengu huu kwa neno moja; ukijibu hapana umeubomoa vilevile. Shika neno "mwakilishi". Kwa Sovereign Host, anayejibu awe malaika anayeamini kama kuhani anavyoamini, naye pia hajawahi kumwona Aureon. Kwa Silver Flame, ijibu sauti, na si lazima iwe ya Tira. Kwa Blood of Vol, jibu litoke ndani, na liishie pale ambapo damu ya mtu huyo na ya wazee wake ingeweza kujua. Andika uamuzi huo mapema na uufuate, maana wachezaji hukumbuka majibu ya Commune kuliko kitu kingine chochote ulichosema.

Kuhusu wala rushwa ndani ya makanisa, ambao kitabu kinawategemea sana kwa njama zake, sheria zinasaidia nusu na kuharibu nusu. Detect Evil and Good inasaidia: licha ya jina lake, inagundua aina za viumbe tu, kama mapepo, viumbe vya mbinguni na wafu hai walio ndani ya futi 30. Kadinali mwovu ambaye ni binadamu wa kawaida haonekani kwayo. Zone of Truth, dua inayomzuia mtu kusema uongo, ndiyo inayoharibu. Ni dua ya ngazi ya 2, hivyo kuhani wa ngazi ya 3 tayari anayo. Inafunika duara lenye nusu kipenyo cha futi 15 kwa dakika 10, na mwenye dua anajua nani ameshindwa kujinusuru. Njama ya miezi inaweza kufa kwa dua moja. Usiipige marufuku. Aliye ndani yake anajua kuwa yumo na anaweza kunyamaza au kujibu kwa kuzunguka, na kadinali aliyepanda hadi cheo hicho lazima amejifunza kufanya hivyo. Mwandalie sentensi tano za kweli zinazopotosha kabla ya kikao. Ukijaribu kuzitunga papo hapo utateleza.

Kisha kuna Divine Intervention, uwezo wa ngazi ya 10. Katika sheria za 2014 kuhani anaomba msaada na kutupa dadu za asilimia. Akipata namba isiyozidi ngazi yake, msaada unakuja, na hawezi kuomba tena kwa siku 7. Akikosa, anajaribu tena baada ya mapumziko marefu. Kwa ngazi ya 10 ni asilimia 10 kila siku, na akiomba siku saba mfululizo nafasi ya kufaulu walau mara moja ni takriban asilimia 52. Uhaba huo unaufaa Eberron vizuri. Imani inajibiwa mara chache, na asiyeamini anaweza kusema ni bahati. Toleo la 2024 limeondoa bahati hiyo: kuhani anachagua dua yoyote ya kikuhani ya ngazi ya 5 au chini, isiyo ya kujibu shambulio, na inatokea bila kutumia nafasi ya dua (idadi ya dua alizo nazo kwa siku) wala vifaa, mara moja kwa kila mapumziko marefu. Mezani inapendeza, kwa ulimwengu huu inaleta shida. Raise Dead, dua ya kufufua ambayo kwa kawaida huchukua saa 1 na kula almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu, sasa inafanyika kwa kitendo kimoja, bure, kila siku. Eberron umejengwa juu ya wazo kwamba uchawi mdogo umeenea kila mahali huku ule mkubwa ukiwa adimu. Dua za ngazi ya 3 ndizo takriban mpaka wa uchawi wa maisha ya kila siku. Kuhani mmoja wa ngazi ya 10 anayefufua mtu kila asubuhi atakuwa na foleni kutoka Flamekeep hadi mpakani. Meza inayotumia sheria za 2024 iamue tangu mwanzo kwamba dua za kufufua bado zinadai almasi yake hata kupitia uwezo huu.

Ufufuo una kifungo kingine ambacho kitabu kinakipa uzito mzuri. Raise Dead hufanya kazi kwa aliyekufa si zaidi ya siku 10, na roho iwe huru na iwe tayari kurudi. Katika Eberron roho huenda Dolurrh, mahali ambapo kumbukumbu hufifia pole pole hadi mtu asijijue. Wa Sovereign Host husema hapo ni kituo tu na safari inaendelea. Wa Blood of Vol husema ndio mwisho wenyewe. Na Keeper, mmoja wa wale sita, anasemwa kuwa hunyakua roho kabla hazijafika. Kwa hiyo dua inaposhindwa una sababu tatu tayari, na kila dini mezani itachagua yake. Usiwaambie ipi ni kweli.

Kinachokamilisha picha ni kwamba uponyaji wa Khorvaire si mali ya dini peke yake. Nyumba ya Jorasco, ya halflingi (watu wafupi) wenye Alama ya Uponyaji, inauza matibabu kwa fedha. Mhusika mwenye alama hiyo anaweza kutumia Cure Wounds mara moja kwa kila mapumziko marefu, na kuanzia ngazi ya 3 anaongeza Lesser Restoration, ya kuondoa maradhi, bila kusali. Artificer naye ana Cure Wounds kwenye orodha yake, na akifika ngazi ya 9 anaweza kupata Revivify, ya kumrudisha aliyekufa punde tu. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana: kuhani hawezi tena kujitambulisha kama mponyaji wa kundi, kwa kuwa mponyaji anaajirika. Inambidi ajitambulishe kwa kile anachoamini. Kuna meza ambazo wachezaji wa kuhani hulalamika kwamba wamepokonywa kazi. Kwa maoni yangu wamepewa kazi iliyo bora zaidi.

Swali la warforged, watu wa chuma na mbao walioundwa kupigana, limefungwa kwa wepesi. Hapa wanahesabiwa kwa aina ya kiumbe kuwa humanoid, kundi moja na binadamu, hivyo Cure Wounds ya 2014, ambayo haigusi viumbe vya kuundwa, inawaponya sawasawa. Kwamba dua inawapokea inaleta hoja nzuri ya kidini kuhusu roho zao, na kitabu kinaiacha wazi.

Makundi ya madruidi, makuhani wa maumbile, wa eneo la Eldeen Reaches yamepewa nafasi ndogo mno. Gatekeepers, waliofundishwa na joka Vvaraak kulinda milango dhidi ya viumbe vya Xoriat, ulimwengu wa wazimu, wangestahili kurasa zao wenyewe. Wamepata maelezo mafupi tu, pamoja na Ashbound, Children of Winter na wengine. Mchezaji wa druidi atatoka hapa na njaa.

Na huo ndio udhaifu mkuu wa kitabu kizima upande huu: kinatoa wazo zuri kuliko yote, halafu hakitoi zana. Sehemu ya dini ni kurasa chache katika sura inayozunguka nchi za Khorvaire. Kuna majedwali ya miungu na himaya zinazopendekezwa, kuna maelezo mafupi ya kila imani, lakini hakuna hata sheria moja ya nini kinatokea imani inapotikisika. Ukiiga malimwengu mengine ukamnyima kuhani wa ngazi ya 5 dua zote, umemnyang'anya nafasi 9 za dua kwa mkupuo mmoja, na kundi zima linabaki bila msaada kwa kosa la mtu mmoja. Wachezaji watamchukia mwongoza mchezo, hawatamchukia mhusika aliyekosa. Njia ninayoipendekeza, na huu ni uamuzi wa meza, kitabu hakina, ni kuondoa dua za himaya peke yake. Kwa ngazi ya 5 ni dua 6, zile zilizo tayari siku zote. Kuhani anabaki na nyingine, anauhisi upungufu kila siku, na anazirudisha kwa kutenda, bila kutupa dadu.

Ili hilo lifanye kazi, mchezaji ajibu mambo matatu kwa maandishi wakati wa kumtengeneza mhusika. Dini yake inasema nini kuhusu kifo. Anafanya nini kila siku kwa ajili ya imani, kitu kinachoonekana, kama kuwasha taa, kufunga hadi jua lizame, au kujichanja tone la damu. Na ni tendo gani, akilifanya yeye mwenyewe, ambalo lingemfanya ashindwe kusali usiku huo. La tatu ndilo muhimu, na lazima liwe mahususi. "Kutenda uovu" halisaidii. "Kumwacha mtu aliye hai mikononi mwa pepo ili nijiokoe" linasaidia. Mwongoza mchezo ahifadhi karatasi hiyo na asiitumie kama mtego zaidi ya mara moja katika safari nzima.

Kuna tahadhari kwa wanaosoma kitabu kama wachezaji. Siri za mwongoza mchezo hazikutengwa vizuri. Sura ya mwisho ina maelezo ya Lady Illmarrow na uhusiano wake na Blood of Vol, na mchezaji wa dini hiyo akiyasoma kwanza atapoteza nusu ya utamu wa mhusika wake. Asome sura ya kuunda wahusika na sehemu ya dini, akomee hapo.

Bei ya jalada wakati kinatoka ilikuwa dola za Marekani 49.95, na mtu wa Afrika Mashariki anayeagiza nakala ya karatasi aongeze usafirishaji na ushuru juu yake; nakala ya kidijitali kwenye D&D Beyond, tovuti rasmi ya mchezo, inaepusha hayo. Kitabu hiki peke yake hakitoshi kuchezea, kwa sababu darasa la kuhani halimo ndani yake. Anayetumia Player's Handbook ya 2024 ajue kwamba ina himaya nne tu, Uhai, Nuru, Hila na Vita, na zinaanza ngazi ya 3. Kuhani wa Aureon anayetaka Himaya ya Maarifa hataikuta humo, lakini anaweza kuichukua katika toleo la 2014. Asiye na fedha ya vitabu viwili aanze na hati ya sheria za msingi, SRD 5.1, iliyowekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023 na inayopakuliwa bure kihalali. Ina kuhani wa Himaya ya Uhai, paladini wa Kiapo cha Devotion na druidi wa Circle of the Land. Kwa himaya hiyo moja unaweza kumchezesha kuhani wa Silver Flame na wa Blood of Vol kwa wakati mmoja, wenye dua zilezile, wakibishana usiku kucha zinatoka wapi.